Vipimo Safi, Maumivu Yapo

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mliokubali kuja kusikiliza jambo ambalo wanaume wengi hudhani haliwahusu: asanteni. Waandaaji walitaka tangazo la mhadhara huu liseme tu "afya ya mwanamke". Niliwaomba liseme wazi kwamba tutazungumzia maumivu ya sehemu ya nje ya uke, maumivu yanayodumu na yasiyoonekana chanzo chake. Kwa hiyo jioni hii nitataja uke, midomo ya uke, kinembe na mlango wa uke kwa majina yake, na sina nia ya kumvunjia mtu heshima. Mwanamke anayesema tu "naumwa huku chini" huandikiwa dawa ya tumbo, ya mkojo au ya kizazi, na pale panapomuuma hasa hapatazamwi kabisa.

Nianze na njia anayopitia mgonjwa wa aina hii, kwa sababu wengi wenu mnaijua.

Inaanza na muwasho, au hali ya kuungua, au mchonyoto unaomjia akikaa, akivaa suruali ya kubana, akikutana na mumewe. Anakwenda duka la dawa. Nyuma yake kuna foleni, mbele yake kijana wa kiume. Anainamia kaunta na kushusha sauti: "Samahani kaka, nina muwasho." Kijana haulizi la pili. "Hiyo fangasi, dada. Chukua hii ya kupaka, na hiki kidonge unameza kimoja tu." Anapata nafuu siku mbili tatu, au hapati kabisa. Anarudi. Safari hii anauziwa ile krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya tyubu moja. Baadaye mtu anamwambia ni UTI, anameza antibayotiki. Anakwenda kituo cha afya, anapewa dawa za magonjwa ya zinaa pamoja na karatasi ya kumwita mwenzi wake naye atibiwe. Hapo nyumba inaingia moto, maana mume anataka kujua ugonjwa umetoka wapi. Mwishowe anapata fedha ya kupimwa sawasawa: mkojo, ute, damu, ultrasaundi. Majibu yote safi. Anaambiwa, "Mama, huna tatizo. Punguza mawazo."

Simlaumu kijana wa duka la dawa, wala muuguzi wa zahanati. Utaratibu wa kutibu kwa kufuata dalili uliwekwa kwa sababu nzuri: pale pasipo na maabara, ni afadhali kutibu kisonono kinachodhaniwa kuliko kumwacha mtu arudi nyumbani nacho. Umewasaidia watu wengi. Lakini utaratibu huo unachukulia kwamba kila muwasho na kila kuungua huletwa na kijidudu. Mwanamke ambaye hana kijidudu hana mahali pake kwenye mwongozo, basi anazungushwa tu kati ya dawa zilezile.

Ninalotaka mlichukue leo ni kwamba majibu safi nayo ni majibu. Yanatuambia tuache kuua vijidudu visivyokuwepo, tuanze kuitazama ngozi yenyewe, mishipa ya fahamu na misuli. Tafsiri ya kwamba "huna kitu" haimo kwenye karatasi ya maabara. Tumeiongeza sisi.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1880 daktari wa New York, T. Gaillard Thomas, alieleza katika kitabu chake cha magonjwa ya wanawake hali ambayo sehemu ya nje ya uke inakuwa na hisia kali kupita kiasi bila kuonekana kidonda wala uvimbe. Kabla ya muongo huo kwisha, Alexander Skene wa Brooklyn akaandika mambo yanayofanana na hayo. Kisha, kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, likatajwa kwa nadra sana, na mgonjwa aliyelalamika alionekana mwenye kasoro ya akili au ya ndoa. Ni mwaka 1970 tu ilipoundwa jumuiya ya kimataifa ya madaktari wanaochunguza magonjwa ya sehemu hiyo. Mwaka 1987 Eduard Friedrich wa Marekani aliweka vigezo vya kuyatambua maumivu ya mlango wa uke, na mwaka 2015 vyama vitatu vya kitaalamu vikakubaliana juu ya maelezo tunayotumia sasa: maumivu ya sehemu ya nje ya uke yaliyodumu angalau miezi 3, yasiyo na chanzo kinachotambulika wazi. Hali hiyo huitwa vulvodinia.

Je, ni wangapi? Kwa nchi zetu sitataja idadi. Ila nitawapa ya Boston, kwa kuwa ina funzo linalotugusa. Mwaka 2003 Bernard Harlow na Elizabeth Stewart walichapisha matokeo ya kuwauliza wanawake karibu 5,000 wa mitaa mbalimbali ya jiji hilo. Takriban 16 kati ya kila 100 walisema waliwahi kupata maumivu ya aina hii kwa miezi 3 au zaidi. Miongoni mwao, karibu 40 kwa 100 hawakutafuta matibabu kabisa. Wale waliotafuta, 60 kwa 100 walionana na madaktari watatu au zaidi, na wengi wakabaki bila jina la ugonjwa. Hiyo ni Boston, mji wenye hospitali za kusifika duniani. Kabla ya hapo madaktari wengi waliamini kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu. Harlow na mwenzake waliwakuta wanawake Weusi wa Marekani wanaupata kwa kiwango kilekile. Walikuwepo siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Sasa tuingie ndani ya jambo lenyewe: maumivu haya yanatoka wapi. La kwanza liko kwenye ngozi na neva zake, yaani mishipa yake ya fahamu. Ngozi ya mlango wa uke ina miisho mingi ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo hukusanyika kwenye mshipa mkubwa uitwao pudendali, unaotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo na kupita nyongani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Sweden walichunguza vipande vidogo vya ngozi ya wanawake wenye maumivu ya mlango wa uke, wakakuta miisho ya neva imezidi kuliko ya wanawake wasio na maumivu. Kwa hiyo mguso ambao mwenzake anausikia kama mguso tu, yeye anausikia kama moto. Anachokisema ni kweli tupu.

Jambo la pili liko kwenye uti wa mgongo na ubongo. Maumivu yakikaa muda mrefu, njia za kupeleka habari zake zinazoea kazi hiyo na kuwa nyepesi mno. Ni kama mbwa wa ulinzi wa nyumba iliyoibiwa mara moja, sasa anawabwekea hata wenye nyumba. Huenda kweli kulikuwa na fangasi mwanzoni, tena wa mara nyingi; fangasi wamekwisha, ila mbwa hajanyamaza. Ndiyo maana wanawake wengi husema, "Ilianza na fangasi, haikuisha." Wanasema kweli, na aliyewapima akakosa fangasi naye anasema kweli.

La tatu ni misuli. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi mkiani, inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo. Mwili unaotarajia maumivu hujikaza. Misuli hiyo ikijikaza kila siku, kwa miezi, inakuwa yenyewe chanzo cha maumivu: kuungua baada ya kukojoa, kuchomwa wakati wa tendo, kuuma mpaka kwenye mapaja. Na hapa nawaomba sana: mazoezi ya kubana uke yanayohimizwa kila mahali, kwenye vikao vya kina mama na kwenye simu zetu, si ya mgonjwa huyu. Misuli yake imekwisha kubana kupita kiasi. Anachohitaji ni kujifunza kuiachia.

Daktari atajuaje? Kwa kitu cha bei ndogo kuliko vyote chumbani: kijiti chenye pamba nchani, kile mnachosafishia masikio. Nawaeleza uchunguzi wenyewe ili mtu akienda asishtuke, na asipofanyiwa aweze kuuliza.

Mgonjwa analala chali, amefunikwa shuka, mwanga umeelekezwa vizuri. Anayechunguza anatazama kwanza ngozi bila kugusa: rangi, michubuko, mabaka meupe, makovu. Kisha anamwambia, "Nitaanza kwenye paja, uniambie unasikiaje." Anagusa paja kwa ile pamba, taratibu. Haliumi. Anakuja kwenye midomo ya nje, kisha ya ndani. Halafu anafika mlango wa uke na kuuzunguka kituo kwa kituo, akiufuata kana kwamba ni uso wa saa, na kila kituo mgonjwa anatoa alama kutoka 0 hadi 10. Mara nyingi maumivu yanakaa upande wa chini, kati ya saa nne na saa nane kwa namba za kwenye saa yenyewe, na ngozi pale inaonekana ya kawaida kabisa au nyekundu kidogo. Mwishoni, kama mgonjwa anaridhia, kidole kimoja kinaingizwa polepole kupima kama misuli imekakamaa. Basi. Hakuna mashine. Kuna wanawake ambao hulia wakati wa uchunguzi huu, na si kwa maumivu peke yake. Ni mara ya kwanza mtu amegusa mahali penyewe na kukubali kwamba pale panauma.

Lakini kabla hujapewa jina la vulvodinia, yapo mambo ambayo lazima yatafutwe kwa uangalifu. Katika nchi zetu mawili kati ya hayo ni yetu hasa, na vitabu vya Ulaya huyapita juu juu.

La kwanza ni kichocho. Tumezoea kichocho cha mtoto anayekojoa damu. Mayai ya mnyoo huyohuyo huweza kukwama kwenye ukuta wa uke, kwenye mlango wa kizazi na hata kwenye midomo ya nje, yakaleta muwasho, kuungua, maumivu ya tendo na kutokwa damu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 wana kichocho cha uzazi, wengi mno wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Shirika hilo lilitoa mwaka 2015 kitabu kidogo cha picha ili wauguzi na madaktari waweze kuyatambua mabaka yake. Mkojo unaweza kuwa safi na mayai yakawemo kwenye nyama. Kwa hiyo ewe uliyekulia kwenye mabonde ya mpunga, pembeni ya bwawa, kwenye vijiji vya Pemba au Kwale, ukachota maji na kufua ukiwa mtoto, mwambie daktari hata kama ni miaka mingi imepita. Dawa yake ni prazikwanteli, na mgonjwa wa kichocho hastahili kushukiwa uzinzi.

La pili ni ukeketaji. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba nchini Kenya wanawake 15 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, na Tanzania 8. Penye kovu, neva iliyokatwa huweza kuota kijinundu kigumu ambacho kikiguswa kinapiga shoti. Kijinundu hicho kinaonekana, kinatibika, na mara nyingine huondolewa kwa upasuaji mdogo. Mwanamke hana sababu ya kukaa nacho miaka ishirini kwa kuwa anaona aibu kuonyesha kovu ambalo hakulitaka yeye.

Yapo na mengine. Ugonjwa wa ngozi uitwao laikeni sklerosasi huleta muwasho mkali hasa usiku, na ngozi hugeuka nyeupe na kusinyaa. Unatibiwa kwa krimu kali ya steroidi kwa utaratibu wa daktari, na lazima ufuatiliwe kwa sababu asilimia ndogo hugeuka saratani. Kukoma hedhi na kunyonyesha hupunguza homoni ya estrojeni, ngozi ikakauka na kuchoma. Kisukari huleta fangasi wa kujirudia. Na yeyote mwenye kidonda kisichopona, uvimbe, baka jipya, au damu baada ya kukoma hedhi, asisikilize mhadhara wala ushauri wa jirani. Aende hospitali kinyama kidogo kikapimwe. Wenye virusi vya Ukimwi waharakishe zaidi, maana hatari ya saratani ya sehemu hiyo kwao ni kubwa.

Tuseme sasa haya yote yametafutwa na hayakuonekana. Mwanamke afanye nini?

Kwanza aache kuiumiza ngozi. Hapa naomba kina mama watu wazima mnivumilie, hasa makungwi na masomo, kwa kuwa maneno yenu yana uzito kuliko ya daktari. Uke hujisafisha wenyewe kwa ndani. Sabuni haina kazi humo, wala ndimu, wala maji ya chumvi, wala dawa ya kuua vijidudu iliyokusudiwa sakafu na vidonda. Shabu ya kubania inakausha na kuchubua. Mafusho ya udi tunayapenda, ni sehemu ya usafi na mapambo yetu, ila kwa ngozi iliyokwisha kuwaka, moshi na joto vinazidisha. Tupumzishe ngozi hiyo. Kuchamba kwa maji matupu kunatosha. Kausha kwa kugusagusa kitambaa laini, usisugue. Baada ya kuoga, paka mafuta mepesi ya mgando yasiyo na manukato. Acha wembe na unga wa kunyolea kwa muda. Punguza kwa mkasi. Chupi za pamba, na usiku ulale bila chupi. Pedi zisiwe na harufu. Na wanaotumia vitambaa wavisuuze mpaka povu la sabuni ya unga liishe kabisa, kwa sababu mabaki ya sabuni ni chanzo ambacho watu hawakifikirii. Na ile tyubu ya mchanganyiko iachwe. Steroidi ikipakwa ovyo kwa miezi huifanya ngozi kuwa nyembamba, na unapoiacha inaungua zaidi, ndipo mtu anaamini ugonjwa umerudi na kuipaka tena.

Kuna wanawake ambao hatua hii peke yake imewaondolea nusu ya shida. Wengine haitoshi.

Tiba ninayoiamini zaidi ni ya misuli, inayofanywa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyejifunza misuli ya nyonga. Mwaka 2021 watafiti wa Canada walichapisha jaribio lililohusisha wanawake 212 wenye maumivu ya mlango wa uke. Nusu yao walipata fiziotherapia kila wiki kwa wiki 10. Nusu walipaka lidokeini, dawa ya ganzi, kila usiku kwa muda uleule. Kundi la fiziotherapia lilipata nafuu kubwa zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi 6 baadaye. Wataalamu wa namna hiyo kwetu ni wachache, wako miji mikubwa. Kwa hiyo nitawaelekeza zoezi la mwanzo ambalo mtu anaweza kulifanya chumbani kwake.

Lala chali kwenye mkeka au kitanda, magoti yamekunjwa, mto chini ya kichwa. Weka mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua, tumbo lipande na kuinua mkono. Tumbo linapopanda, acha sehemu ya chini ishuke, kama unapoanza kukojoa baada ya kujizuia kwa muda mrefu. Usisukume, acha tu. Toa pumzi polepole kwa mdomo, na usijikaze inapotoka. Fanya dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala. Wiki ya kwanza huenda usisikie chochote. Wengi hugundua kwanza kwamba walikuwa wamejikaza mchana kutwa bila kujua: kwenye daladala, wakiosha vyombo, wakisikia mlango wa chumba unafunguliwa. Kugundua huko ni maendeleo tayari. Baadaye, mwenyewe na kwa kidole safi chenye mafuta, anaweza kujifunza kugusa mlango wa uke kidogo kidogo, mpaka neva zizoee kwamba si kila mguso ni hatari.

Dawa za kumeza zipo. Inayotumika sana ni amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona, ambayo kwa kiasi kidogo hutuliza neva. Huanzwa na miligramu 10 usiku na kuongezwa taratibu. Inahitaji wiki kadhaa, inaleta usingizi na kukausha mdomo, haisimamishwi ghafla, na haifai kwa kila mtu, hasa mwenye ugonjwa wa moyo. Mgonjwa aambiwe sababu ya kupewa, la sivyo atasoma karatasi ya ndani ya boksi na kuamini amefanywa mwendawazimu. Na haki ya mgonjwa ni kuambiwa ukweli wote: majaribio ya vidonge vya aina hii kwa maumivu ya mlango wa uke hayajawa na matokeo ya kujivunia. Jaribio la mwaka 2010 la dawa ndugu ya amitriptilini, na la mwaka 2018 la gabapentini, hayakuonyesha kwamba zinashinda vidonge visivyo na dawa. Wapo wanaosaidiwa. Mtu ajaribu chini ya uangalizi, asiuze shamba kwa ajili ya kidonge. Kwa maumivu yaliyo mlangoni tu na yaliyoshinda tiba nyingine, kuna upasuaji wa kuondoa ngozi ile. Hufanikiwa kwa wengi, ila ni hatua ya mwisho na inahitaji mkono uliozoea.

Nimesema mengi ya mwili. Sasa nyumbani.

Mwanamke anayeogopa tendo la ndoa hujifunza visingizio. Anachelewa jikoni, anamlaza mtoto katikati ya kitanda, anaomba kwenda kumuuguza mama. Mume naye anahesabu. Anawaza kwamba hapendwi, au kuna mwingine. Ndugu wakisikia, watasema ni jini mahaba, na atapelekwa kusomewa. Mimi ni mtu wa dini na sina neno na dua. Dua haimzuii mtu kwenda kliniki. Neno langu ni kwa anayemwambia mwanamke avumilie kwa sababu ni wajibu wake. Kila tendo linalofanyika kwa maumivu linaufundisha mwili kujikaza zaidi. Anayelazimisha anaurefusha ugonjwa, na haki yake anayoidai anaiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Akina baba, lipo jambo ambalo Natalie Rosen na Sophie Bergeron wa Canada wamelichunguza kwa miaka mingi kwa wenzi wa wagonjwa hawa. Mume anayekasirika, maumivu ya mke yanaonekana kuwa makali zaidi. Hilo mlilitarajia. Lakini hata mume mpole anayesema, "Pole mke wangu, basi tuache kabisa, sitakugusa tena," naye anahusishwa na maumivu zaidi, kwa sababu anathibitisha kwamba kila mguso ni wa kuogopwa, na wawili hao wanaanza kulala kama wageni. Wanaopata unafuu ni wale ambao mume anatafuta pamoja na mkewe njia nyingine za kupendana zisizouma, anafurahi linapokwenda vizuri, na analichukulia jambo kuwa lao wote wawili. Kukumbatiana kusikoishia kwenye tendo. Kuulizana kabla. Kutumia kilainishi cha maji. Na kama ni mafuta ya nazi, mkumbuke kwamba mafuta huharibu kondomu ya mpira.

Niseme na neno kwa wasioolewa, maana huwa wanasahauliwa. Msichana ambaye hajawahi kukutana na mwanamume anaweza kuwa na ugonjwa huu. Akimwambia mama yake kwamba anaungua, jibu la kwanza lisiwe "umeanza lini mambo hayo?" Akijibiwa hivyo mara moja, hatasema tena.

Kuhusu mawazo: ni kweli kwamba sonona na wasiwasi huongeza maumivu, na maumivu ya miaka huleta sonona. Mshauri nasaha mzuri husaidia, kama anavyomsaidia mgonjwa wa mgongo. Ila ushauri unaotolewa baada ya mtu kuchunguzwa na kuaminiwa ni tiba. Unaotolewa badala ya kumchunguza ni kumfukuza kwa adabu.

Siku ya kwenda kliniki, andika kwenye daftari: yalianza lini, yako wapi hasa, yanakuja yenyewe au kwa kuguswa, umetumia dawa zipi na zipi zilizidisha. Beba na tyubu zenyewe. Ukishindwa kutamka, mpe daktari daftari asome. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, na una haki ya kusema simama katikati ya uchunguzi.

Kwa wenzangu wa afya walioketi huku nyuma, ninalo ombi moja, na wizara zetu zinaweza kulitekeleza bila kusubiri mfadhili. Kwenye mwongozo wa kutibu kwa dalili uongezwe mstari mmoja: mwanamke akirudi mara ya tatu na lalamiko lilelile, asipewe dawa zilezile. Atazamwe ngozi, aulizwe habari za maji ya kichocho na za kovu, aguswe kwa kijiti cha pamba, na kilichoonekana kiandikwe kwenye faili lake. Wanafunzi wa uuguzi na ukunga wafundishwe hilo darasani pamoja na fangasi na kisonono.

Muda wa maswali umefika. Karatasi zinapitishwa sasa kwenye kila safu, hamna haja ya kuandika jina. Dada wawili waliosimama mlangoni ni wakunga. Aliye na jambo la faragha anaweza kuwafuata chumba cha pembeni, watakuwepo mpaka wa mwisho atakapoondoka.